Koti Lililoota Mvi

Nchi ninayoisimulia hapa haimo katika ramani yako, msomaji, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta, na ukihisi umewahi kuishi humo, hilo ni jambo la wewe na daktari wako. Mimi nilikuwa mtumishi wake kwa miaka thelathini na mmoja. Nina cheti cha utumishi uliotukuka na goti bovu, na vyote viwili nilivipata kwa kusimama wima mbele ya watu waliokaa.

Katika nchi hiyo kuna desturi moja ambayo wageni huishangaa. Mtu akifika ofisini asubuhi huvua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, kisha akatoka kwenda zake: kuwasimamia mafundi wanaomjengea, kunywa supu, kumtembelea mtu. Ukija na fomu yako utaambiwa, "Yupo, si hilo hapo koti lake?" Nawe utakaa kwenye benchi ukilitazama koti mpaka saa tisa na nusu ofisi inapofungwa. Mjane mmoja aliyekuwa akifuatilia mirathi ya mumewe alilisubiri koti la afisa wa wilaya kwa miezi minne, akafia pale pale kwenye benchi. Taarifa ya wilaya ikaandika kwamba marehemu alikuwa mbele ya afisa mhusika hadi dakika ya mwisho, na afisa akapewa barua ya pongezi.

Basi Rais wetu alipougua, na ugonjwa wenyewe ukawa ule ambao hospitali alizotujengea haziutibu, alifanya kama mtumishi mwingine yeyote. Alivua koti lake refu jeusi la sufu, akalitundika kwenye kiti kikubwa cha Baraza la Mawaziri, akatia saini Sheria ya Uwepo, kisha akapanda ndege kwenda ng'ambo. Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kimoja tu: lilipo koti la Rais, Rais yupo.

Mimi nikateuliwa kuwa Karani Msindikizaji wa Koti. Kazi yangu ilikuwa kulifuata popote liendapo na kuandika kila linalolipata, katika daftari lenye kurasa za namba. Niliandika ukweli mtupu. Naomba hilo likumbukwe.

*

Koti liliongoza nchi vizuri sana. Halikufoka. Halikuoa mke mwingine. Halikuhutubia kwa saa tano juani huku watoto wa shule wakizimia mmoja mmoja kwenye mistari yao. Na lilikuwa na tabia moja ambayo mawaziri waliipenda kuliko zote, kwamba lilikubali kila kitu. Waziri alisimama, akasoma pendekezo lake, akauliza kama Mheshimiwa ana pingamizi, akasubiri kidogo kwa heshima, akakaa. Kwa njia hiyo Waziri wa Ardhi alijigawia bonde zima la mto. Watu waliokuwa wakilima humo walihamishiwa mlimani kwenye mawe, na kila familia ikapewa picha ya koti ili isijione imetupwa.

Shida ilianza na paka.

Rais alikuwa na paka mweupe wa manyoya marefu, jina lake Lulu, zawadi ya balozi fulani. Bwana wake alipoondoka, Lulu alimtafuta vyumba vyote kwa siku tatu, mwisho akaifuata harufu mpaka chumba cha Baraza, akapanda kwenye kiti, akajikunja ndani ya koti, akalala. Mawaziri wakatazamana. Kumwondoa paka kungekuwa kumtoa kiumbe mapajani mwa Rais bila idhini yake. Idhini ikaombwa kwa maandishi, koti likanyamaza, paka akabaki.

Anayefuga paka wa aina ile anajua kinachofuata. Manyoya yanadondoka kila siku, yanaingia kwenye kochi, kwenye zulia, kwenye mto wa kulalia, hata kwenye ugali, na kwenye sufu nyeusi kila unyoya unaonekana kama umechorwa kwa chaki. Baada ya miezi mitatu koti lilikuwa la kijivu. Baada ya mitano lilikuwa jeupe mabegani, na televisheni ya taifa ikaanza kulionesha kwa mbali, likiwa nyuma ya maua.

Watu wakaanza kucheka. Walicheka kwa sauti ya chini, maana gereza letu ni kubwa, lakini walicheka. Ndipo Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Ponsiano Tegemeza, alipowaita waandishi wa habari. Tegemeza alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya kwaya, aliyepanda cheo kwa kipaji kimoja cha kuzaliwa nacho: katika mkutano wowote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Ndugu wananchi," alisema, "wako watu wanaonong'ona kwamba koti la Mheshimiwa lina uchafu. Nasema kwa masikitiko makubwa kwamba watu hao hawakulelewa. Mtu aliyelelewa anajua kwamba mzazi akihangaikia wanawe mchana na usiku, huota mvi. Hicho mnachokiona mabegani ni mvi. Mheshimiwa anaota mvi kwa ajili yenu, halafu ninyi mnakaa mnachekelea."

Tuliona aibu. Wengine walilia. Ijumaa ya wiki ile ile ikatoka kanuni kwamba manyoya yote yaliyo juu ya koti ni Mvi za Taifa, na kuondoa hata moja ni kosa la kunyongwa. Mama mmoja mfagiaji aliyekuwa amekung'uta mto wa kiti siku ya Alhamisi, yaani kabla ya kanuni, alikamatwa siku ya Jumamosi kwa kosa la kuiwahi sheria. Alipelekwa gereza la kisiwani, na wanawe hujulishwa kila mwaka kwamba anaendelea vizuri.

Wakubwa nao wakataka mvi. Aliyeweza alifuga paka akalala naye amevaa suti. Katibu Mkuu mmoja anayepiga chafya akikaribia paka alimnyoa mama yake mzazi, akazibandika nywele za bibi wa watu kwenye kola kwa gundi, akapandishwa cheo mwezi huo huo. Mama alishikwa na baridi ya kichwa, ikashuka kifuani, akafa. Mwanawe alimzika akiwa amevaa koti lile lile, na waombolezaji wakasema kweli huyu hamsahau mama yake.

*

Sasa nimtaje Hamdani Kilindo. Hamdani alikuwa dobi na mshonaji wa Ikulu kwa miaka ishirini na jirani yangu kwa miaka kumi na sita. Nyumba zetu zilichangia ukuta. Mkewe, Sikudhani, aliniita shemeji, na sikukuu haikupita bila sahani kuvuka kutoka kwao kuja kwangu. Hamdani alikuwa mtu wa kazi yake tu. Hakumiliki redio, kwa sababu alisema mara ya mwisho aliposikiliza taarifa ya habari aliunguza kanzu ya balozi kwa pasi. Kwa hiyo habari za Mvi za Taifa hakuwa nazo.

Katika stoo ya Ikulu kulikuwa na kalenda ya zamani iliyoandikwa kwamba kila tarehe kumi ya mwezi wa sita, koti la Mheshimiwa liende kwa dobi. Mwaka wa kwanza Ikulu ilikuwa imefungwa kwa ukarabati siku hiyo. Mwaka wa pili tarehe ikafika, na hakuna aliyethubutu kuifuta, kwa sababu ilikuwa na saini ya Rais. Lulu aliposhuka mwenyewe kwenda kula, koti likapakiwa kwenye gari, pikipiki mbili mbele, gari la wagonjwa nyuma, nami pembeni na daftari langu, tukaenda.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Hamdani. Kanuni ya saba ya Msindikizaji ilinikataza kusema lolote mbele ya koti bila kuulizwa. Nilikohoa. Nilikohoa mara mbili, na vikohozi hivyo vimo daftarini, ukurasa wa mia mbili na nne.

Hamdani alilipokea koti kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye mwanga, akasikitika.

"Bwana karani, mmemwachia paka alale humu mpaka lini? Mzee akirudi atasema nini?"

Nikakohoa.

"Mtu asiyejua angelitumbukiza kwenye maji moja kwa moja," akaendelea, maana alikuwa mtu wa kufundisha. "Kosa kubwa hilo. Manyoya yakilowa ndani ya sufu yanashikana, hutayatoa tena. Lazima uyatoe kabla ya kufua. Na brashi haisaidii, inayahamisha tu kutoka huku kwenda kule, kama barua zenu za serikali. Dawa yake ni mpira wenye unyevu."

Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kandambili. Ilikuwa kandambili kuukuu ya mguu wa kushoto, imekatwa kamba zake, soli imelika mpaka imekuwa laini, safi kuliko sahani nyingi nilizolia chakula. Akaichovya majini, akaikung'uta mpaka ikabaki na unyevu tu, akalilaza koti juu ya meza na kuanza begani kwenda chini. Alipitisha upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, akibonyeza kwa mkono mwepesi. Manyoya yakajikunja yenyewe, yakawa vibunda vyeupe kama pamba ya masikioni, naye akawa anaviokota na kuvitia kwenye kopo. Alifanya kazi ile kwa raha. Alipofika bega la kushoto alilipapasa kwa ndani, akaona pamba aliyoishonea zamani bado imekaa vizuri, akatabasamu.

Koti likawa jeusi kama siku liliposhonwa. Ilikuwa kazi nzuri mno, na nilijua kwamba ninamtazama mtu aliyekwisha kufa akinyoosha mikunjo.

Nikaandika: *Saa nne na dakika kumi hadi saa tano kasorobo, dobi Hamdani Kilindo alipitisha kandambili ya mguu wa kushoto juu ya koti mara mia moja themanini na sita.*

*

Walimchukua mchana huo. Alishitakiwa kwa makosa mawili: kumpiga Rais kwa kandambili mara mia moja themanini na sita, na kumng'oa mvi zote. La kwanza liliwaumiza watu zaidi. Kwetu ukimpiga mtu ngumi mnaweza kupatana kesho yake, lakini ukimpiga kandambili umemshusha utu wake mbele ya wanawe. Gazeti moja liliandika kichwa cha habari, "Angetumia hata kiatu."

Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Mahimbo. Koti liliketishwa mbele upande wa mlalamikaji, na daktari pembeni yake akiapa kwamba mgonjwa wake hajasema neno tangu siku ya tukio. Lulu alikuwa amekwisha kupanda na kulala juu yake. Daftari langu lilisomwa lote. Waziri Tegemeza alilia kwa sauti nzuri.

"Mshitakiwa," alisema Jaji, "ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nalisafisha koti, mheshimiwa."

"Lilikuwa chafu?"

Huku nyuma, Sikudhani alikuwa akitikisa kichwa, akimwomba mumewe kwa macho asijibu ndiyo. Hamdani alimwona.

"Halikuwa chafu, mheshimiwa. Lilikuwa na manyoya ya paka."

"Paka gani?"

"Huyo hapo aliyelala."

Jaji akatazama alipooneshwa, Lulu naye akamtazama, akapiga miayo. Jaji akamuuliza karani wa mahakama kama kumbukumbu za serikali zina paka yeyote aliyeruhusiwa kuwa juu ya Rais. Akajibiwa kwamba maombi yalipelekwa lakini hayajajibiwa. "Basi hakuna paka," alisema Jaji, akamhukumu Hamdani kunyongwa siku ya Jumanne, baada ya siku kumi na mbili.

Jioni Sikudhani alikuja kwangu. Hakuketi.

"Shemeji, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Umeandika kandambili. Mbona hukuandika kwamba mwenzako alikuwa kazini kwake?"

"Daftari halina safu ya hiyo, Sikudhani."

"Ungemwambia tu, acha. Neno moja."

Nikamweleza kanuni ya saba. Niliieleza vizuri, tangu mwanzo mpaka mwisho, na ilipokuwa ikitoka mdomoni mwangu niliichukia, nikajichukia na mimi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Haya, shemeji," akasema, akaondoka.

*

Siku ya nne baada ya hukumu, mzee mmoja mwembamba alishuka kwenye teksi mbele ya lango la Ikulu, amevaa sweta ya hospitali. Aliwaambia walinzi wafungue.

"Una shida na nani, mzee?"

"Mimi ndiye Rais."

"Rais yupo ndani," wakamwambia, na wakampiga, si sana, kiasi cha kumwelimisha. Ndege ya serikali ilikuwa imekataa kumfuata kwa sababu koti halikuidhinisha safari hiyo, hivyo alikuwa amekuja na ndege ya abiria, akiwa na mfuko wa dawa.

Waziri Tegemeza alipoletewa mzee yule alitetemeka mashavu yote mawili. Alimtambua. Sote tulimtambua. Kisha akasema, "Simfahamu." Wala usimlaumu haraka. Kwa miaka miwili kila tamko lake lilikuwa limekubaliwa bila swali, na si rahisi mtu aliyezoea hivyo kurudi kwenye kufokewa.

Lakini makanali watatu nao walikuwa wamemwona, wakaanza kunong'ona kambini, na nchi ikahitaji jibu. Jaji Mahimbo akaitisha kikao cha kuamua nani ni Rais, mtu au koti. Alihitaji shahidi asiyekuwa waziri, aliyeujua mwili wa Rais kwa vipimo. Alikuwapo mmoja tu, na alikuwa katika chumba cha waliohukumiwa kufa.

Asubuhi ya kikao Tegemeza alikwenda gerezani. Alichukua koti, kwa hiyo nami nilikuwapo. Sikudhani naye alikuwapo, amepewa dakika zake kumi.

"Fundi," alisema Tegemeza, amechuchumaa kabisa, "jambo ni jepesi. Ukisema humjui yule mzee, koti litakusamehe leo leo. Mimi najua linavyofikiri."

Alipotoka nje, Sikudhani alimshika mumewe mikono.

"Sema wanachotaka, mume wangu. Urudi nyumbani."

"Siku, mke wangu, mtu yupo hai. Nimemshonea nguo miaka ishirini, nitamkana vipi usoni?" Kisha akatabasamu, kama mtu aliyepata njia ya kutoa doa gumu. "Halafu fikiria mwenyewe. Kama yeye ndiye Rais, koti ni koti. Basi mimi nilifuta nguo tu. Wataninyonga kwa kufuta nguo?"

Ilikuwa hoja safi. Nilirudi nayo njia nzima nikiigeuza huku na huku, sikuona inapovuja, na nilifurahi kwa mara ya kwanza baada ya wiki.

*

Mahakamani Hamdani alimwomba mzee asimame. Akamwendea taratibu, akamwekea kiganja bega la kushoto.

"Ndiye," akasema. "Bega hili limeshuka kidole kimoja na nusu kuliko la kulia. Nimelitilia pamba tangu koti la kwanza."

"Limeshukaje?" aliuliza Jaji.

"Aliniambia mwenyewe. Alibeba mizigo stesheni ujanani."

Ukumbi ukaguna. Vitabu vyetu vya shule vinasema Rais ni mjukuu wa mwindaji wa simba. Mzee alifumba macho.

Likaletwa koti. Lulu aliondolewa kwa mara ya kwanza, na hakuna mbingu iliyoanguka. Mzee akavalishwa. Kifuani lilimpwaya, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umemla, lakini begani lilikaa sawasawa, kila upande mahali pake. Makanali watatu wakapiga saluti. Tegemeza akawa wa kwanza kupiga makofi.

Nilimwona Hamdani akicheka. Nilimwona Sikudhani huku nyuma akifunga khanga yake vizuri na kuokota kikapu, tayari kumpeleka mtu wake nyumbani.

Rais alipewa kiti. Alipumua kwa muda, kisha akaitisha jalada la dobi. Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole. Ndipo Tegemeza alipopiga magoti mbele yake, na kwa kuwa hakuweza kunong'ona hata akitaka, wote tulisikia.

"Mheshimiwa, kabla hujamwachia huyu, kuna jambo dogo. Kama koti halikuwa wewe, basi kwa miaka miwili nchi haikuwa na Rais. Makanali hawa waliokupigia saluti walipandishwa vyeo na koti. Jaji huyu aliteuliwa na koti."

"Tutawateua upya."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ila muhula wako uliisha mwaka jana. Koti ndilo lililouongeza."

Nilisikia mahali hoja ya Hamdani ilipovuja. Jaji aliacha kuandika. Makanali walishusha mikono. Rais aliitazama mikono ya koti lake, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Basi koti lilikuwa mimi," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi, hata Tegemeza.

"Fundi, ulinipiga."

"Mzee, nilikufuta manyoya."

"Mara mia moja themanini na sita." Alisema bila hasira yoyote, hata kwa huruma kidogo, akilishika bega lake. "Nilikuwa nimelala hospitali nikajiuliza kwa nini linaniuma bega hili. Sasa najua."

Hamdani alimtazama mtu yule aliyemshonea kwa miaka ishirini. Sijui alitafuta nini usoni pake. Kisha macho yake yakashuka kwenye kola, na pale kwenye kola palikuwa na unyoya mmoja mweupe, ambao Lulu alikuwa ameuacha asubuhi ile. Mkono wa Hamdani ukaenda wenyewe. Alilowesha kidole kwa mate, akaugusa unyoya, ukashika, akautoa. Walinzi walichelewa hata kumzuia.

"Asante, fundi," alisema Rais, akatia saini hukumu ya kunyongwa.

Sikudhani alikaa chini sakafuni pale aliposimama, na kikapu chake mapajani.

*

Siku ile ile kanuni ilipanuliwa. Kwa kuwa mvi za Rais zilikuwa zimeng'olewa, manyoya yote ya Lulu, popote yatakapoangukia, yakawa Mvi za Taifa hadi zitakapoota nyingine. Lakini Lulu hakurudi kwenye koti. Sasa lilinuka dawa, na ndani yake mlikuwa na mtu anayekohoa. Alizunguka Ikulu siku moja, kisha akatoka langoni, na jioni askari magereza walimkuta amelala kifuani mwa Hamdani, katika chumba cha waliohukumiwa. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwondoa. Alilala pale siku zote zilizobaki.

Jumanne Hamdani alinyongwa. Nilikuwapo, kwa sababu koti lilikuwapo, na Rais alikuwa ndani yake. Nimeandika saa na dakika.

Alhamisi Sikudhani aliitwa gerezani kuchukua nguo za marehemu. Kanuni ilitaka afisa azikague kwanza, na afisa aliyepangwa nilikuwa mimi. Shati lake la kijani lililazwa juu ya meza. Lilikuwa limejaa manyoya meupe kifuani kote, mahali paka alipolala. Nilipewa koleo ndogo ya nyusi na bahasha ya serikali. Nilianza kuyatoa moja moja nikihesabu kwa sauti, kama kanuni inavyosema, na Sikudhani alisimama upande wa pili wa meza akinitazama.

Nilikuwa na haraka. Nilikuwa naona vibaya, kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji, na hilo halina safu. Nikafika mia mbili na kumi na saba, nikafunga bahasha, nikamsogezea shati.

Hakulichukua. Aliinama akalitazama karibu, jinsi mumewe alivyokuwa akitazama nguo, kisha akaligeuza kwa vidole viwili na kunirudishia.

"Shemeji," akasema, "bado kuna mvi nyingine hapa kwenye kola. Toa zote. Wasije wakakunyonga na wewe bure."

Nikatazama. Zilikuwapo tatu. Nikafungua bahasha, nikazitoa.